Macho ya Dereva Kijana: Somo la Kuitambua Hatari Kabla Haijafika

Kila ajali itokeapo katika njia zetu, neno moja husemwa upesi: "Kijana yule alikuwa mkaidi." Husemwa barazani, husemwa msibani, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Sisi hatukatai ya kuwa vijana wakaidi wako. Lakini katika somo hili twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu sababu nyingine, ambayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dereva kijana aghalabu huchelewa kuiona hatari, ijapokuwa macho yake ni mazima, kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha mahali pa kuyaelekeza.

Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Dawa ya ukaidi ni adhabu, na dawa ya kutojua ni mafundisho. Mtu akiadhibiwa kwa kosa ambalo haelewi lilivyotokea, atalipa faini, atarudi barabarani na macho yale yale, na mtoto wa mtu mwingine atauawa. Kwa hiyo yatupasa kuuliza vema: je, kijana huyu alikuwa mkaidi, au alikuwa hajui kutazama?

Swali hili latuhusu sote. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na ya kuwa kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 ajali hizo huua kuliko ugonjwa wowote. Na huku kwetu mambo yamegeuka. Zamani njia za kutoka Tabora kwenda Nzega, Urambo au Manyoni zilikuwa za vumbi na mashimo, na mashimo yenyewe yalimzuia dereva asiende mbio. Sasa lami imefika. Ni baraka kubwa kwa mgonjwa apelekwaye hospitali na kwa mkulima mwenye tumbaku, asali au mpunga wa kuuza. Lakini shimo lililokuwa likimwonya kijana limezibwa, naye hajapewa mwalimu mwingine badala yake.

1. KIRANGOZI WA MISAFARA

Wenyeji wa Tabora wanaijua habari ya njia kuu ya zamani, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilisafirishwa juu ya mabega na vichwa vya wapagazi, na Wanyamwezi walisifiwa sana kwa kazi hiyo. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Tabora pamoja na msafara wao mwezi wa Novemba mwaka 1857, na Burton aliandika kwa urefu juu ya taratibu za safari zile.

Mbele ya wote alitangulia kirangozi. Watu walimfuata mmoja mmoja katika kijia chembamba, wala hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mpagazi aliyekuwa katikati, mwenye mzigo mzito, aliweza kutazama visigino vya mwenzake tu na asipotee. Kirangozi hakuweza kufanya hivyo. Kazi yake ilikuwa kuisoma njia: kujua maji yako wapi, pori laanza wapi, njia ipi ni ya kweli na njia ipi yapotosha. Alipofika penye njia panda, ile isiyo ya kweli ilizibwa kwa matawi, au ilipigwa mstari kwa mguu, ili walio nyuma wajue ya kuwa huko siko.

Sasa na tufikiri: je, kirangozi alikuwa na macho makali kuliko vijana waliomfuata? Hapana sababu ya kudhani hivyo. Alichowazidi ni kujua kitu cha kutafuta na mahali pa kukitafuta. Wahenga wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Asiyeyajua mawingu huijua mvua akiisha kulowa.

Dereva wa leo ni kirangozi. Abiria walio ndani ya basi ni msafara wake, na hata mama mmoja aliyepanda nyuma ya bodaboda pamoja na mtoto mgongoni ni msafara pia. Wao hawashiki usukani. Wamemkabidhi yeye njia. Lakini dereva mpya mara nyingi hutazama kama mpagazi: macho yake huwa kwenye visigino, yaani kwenye kipande cha barabara kilicho karibu na gari lake.

2. JICHO LILIVYO

Ili tuelewe jambo hili, msomaji na afanye jaribio dogo. Kaza macho yako juu ya neno moja katikati ya ukurasa huu, wala usiyaondoe hapo. Sasa jaribu kusoma maneno yaliyo pembeni ya ukurasa bila kuligeuza jicho. Utaona ya kuwa maandishi yako, lakini huwezi kuyasoma.

Sababu yake ni hii. Ndani ya jicho, mahali panapoona vitu kwa usafi ni padogo mno. Nyosha mkono wako mbele, utazame kidole gumba: upana wa kidole hicho ndio yapata kadiri ya sehemu uwezayo kuiona vizuri kabisa kwa mara moja. Vitu vingine vyote huonekana kama katika ukungu. Pembeni mwa jicho hutambua kitu kinachokwenda, lakini hakutambui vema ni kitu gani. Kwa ajili hiyo jicho halitulii. Huruka kutoka mahali hata mahali, kama mara tatu katika sekunde moja, na akili hukusanya vipande hivyo na kufanya picha moja.

Haya yana maana kubwa kwa dereva. Katika sekunde moja anaweza kulipeleka jicho mahali pawili au patatu tu. Huku kuna baiskeli yenye magunia ya mkaa, kule kuna ng'ombe, mbele kuna lori, nyuma kuna basi litakalo kupita. Hawezi kuvitazama vyote kwa pamoja. Ni lazima achague. Naye achaguaye pasipo kujua huchagua ovyo. Hapa ndipo kijana hushindwa, wala miwani haiwezi kumsaidia.

3. MAMBO WALIYOYAONA WATAALAMU

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, Mourant na Rockwell, walitoa habari za uchunguzi wao. Walitumia chombo kinachofuata mwendo wa jicho, wakakijaribu kwa madereva wapya na madereva wazoefu wakiwa barabarani. Waliona ya kuwa wapya walitazama karibu mno mbele ya gari na kwenye ukingo wa barabara, na kioo cha kuonea nyuma walikitazama mara chache. Wazoefu walitazama mbali zaidi, na macho yao yalitandaa.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mtu mpya bado ana kazi ya kuliweka gari katika mstari wake, na kazi hiyo huifanya kwa jicho zima. Mzoefu huifanya kwa pembe ya jicho, na jicho lenyewe hulituma mbele kupeleleza. Kila aliyejifunza baiskeli analijua jambo hili. Siku za kwanza mtu hulikodolea macho gurudumu la mbele, naye huyumba na kuanguka. Akiisha kuzoea huinua uso, huwasalimu wazee njiani, na baiskeli hujiendea.

Mwaka 1998 Crundall na Underwood, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham huko Uingereza, waliongeza jambo jingine. Dereva mzoefu hubadili namna ya kutazama kwa kufuata barabara aliyomo: penye magari mengi na njia nyingi hutazama huku na huku kwa upana. Dereva mpya hutazama namna moja popote alipo. Basi kijana atokaye katika pori refu, ambako kwa muda mrefu hakuona kitu ila miti, huingia kijijini siku ya gulio na macho yale yale ya porini.

Tena mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, vijana wa miaka 16 na 17 waliwekwa katika gari la mfano, lililozungukwa na picha za barabara, wakalinganishwa na watu wa miaka 60 hadi 75. Katika picha mojawapo, lori lilikuwa limesimama kando ya kivuko cha waendao kwa miguu, nalo lilimficha yeyote aliyetaka kuvuka. Je, dereva atatazama mbele ya lori lile? Wazee waliwashinda vijana kwa mbali katika kutambua mahali pa hatari. Macho ya wazee yalikuwa yamechoka, ya vijana yalikuwa makali. Lakini mzee alijua ya kuwa nyuma ya kizuizi huenda pana mtu.

Na juu ya lile swali la ukaidi, McKnight wawili wa Marekani walichungua mwaka 2003 taarifa za ajali zaidi ya 2,000 za madereva wa miaka 16 hadi 19, ajali ambazo hazikuua mtu. Waliona ya kuwa nyingi zilitoka katika kutotazama vema, kutokuwa na nadhari, na kutolinganisha mwendo na hali ya barabara. Zilizotokana na mbio za kupita kiasi na ujeuri wa wazi zilikuwa chache. Hatusemi ya kuwa ajali ziuazo zina sababu zile zile kwa kadiri ile ile. Mbio huua, wala hilo halina shaka. Lakini mzee asemaye kila ajali ni ukaidi amekosea, na kosa hilo humzuia kufundisha.

4. DALILI ZA NJIA ZETU

Mafundisho ya Ulaya na Marekani hutaja theluji, na taa za rangi tatu kila njia panda. Sisi tuna dalili zetu. Twazitaja hapa saba, ili mwalimu apate mahali pa kuanzia.

Ya kwanza ni mnyama mmoja. Mbuzi au ndama akivuka barabara peke yake, kijana hufurahi kwamba amekwisha pita, huongeza mwendo. Kirangozi hufikiri namna nyingine: kundi liko wapi, na mchungaji yuko upande gani? Mchungaji huwa ni mtoto, naye akimkimbilia mnyama wake haangalii motakaa. Vivyo hivyo mpira ukivuka barabara, mwenye mpira yu nyuma yake.

Ya pili ni basi lililosimama. Abiria ashukaye hupita mbele ya basi au nyuma yake, naye haonekani mpaka amekwisha fika katikati ya barabara. Dereva ajuaye hupunguza mwendo, kisha hutazama chini ya basi. Huko huiona miguu ya watu kabla hajawaona wenyewe.

Ya tatu ni vumbi. Katika njia za changarawe, lori likipita huacha wingu nyuma yake. Kijana huona lori limepita na njia ni wazi. Lakini ndani ya wingu lile huenda pana baiskeli, au gari la pili, au mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani. Vumbi ni ukuta; usiupenye kwa mbio.

Ya nne ni matawi barabarani. Utingo wa lori lililoharibika hukata matawi mabichi na kuyalaza njiani, ili kuwaonya wajao. Watu wa misafara nao walisema kwa matawi, ijapokuwa maana yao ilikuwa nyingine. Dereva asiyejua huyakwepa matawi tu na kuendelea. Ajuaye huanza kupunguza mwendo pale pale, kwa kuwa nyuma ya kona kuna lori limesimama, na watu wamelala chini yake wakilitengeneza.

Ya tano ni kivuli cha mwembe. Miembe iliyo kando ya njia ni fahari ya nchi yetu tangu zamani za misafara. Lakini mtu atokaye katika jua kali haoni vema kilicho ndani ya kivuli kizito mpaka jicho limezoea. Chini ya mwembe hukaa wauzaji, hupumzika wasafiri, na msimu wa maembe watoto hurusha mawe juu na kuyakimbilia matunda yaangukapo, hata katikati ya barabara.

Ya sita ni jua lenyewe. Njia yetu kuu yatoka mawio kwenda machweo. Aondokaye Tabora alfajiri kwenda Itigi na Manyoni hulikabili jua. Aendaye Urambo jioni hulikabili vilevile. Hayo kila mtu anayajua. Lisilojulikana na wengi ni hili: kivuli cha gari lako kikitangulia mbele yako, wewe waona vizuri, lakini yule ajaye kukukabili ana jua machoni, wala huenda asikuone. Kivuli kirefu mbele yako ni onyo.

Ya saba ni usiku. Baiskeli isiyo na taa, mkokoteni, lori lililosimama bila alama, mtu mwenye nguo nyeusi: hawa wote hawaonekani mpaka mwanga wa taa umewafikia. Taa ya gari lingine ikizimika ghafula kisha ikaonekana tena, pana kitu kimepita kati yenu. Dereva mwenye busara usiku hachukui mwendo uzidio kadiri awezayo kusimama ndani ya mwanga wa taa zake.

5. HESABU YA MWENDO

Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Kwa kufuata kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza, gari dogo lenye mwendo huo, penye lami kavu na breki nzuri, huhitaji mita 53 mpaka lisimame: mita 15 za kwanza hupita kabla mguu haujafika kwenye breki, na mita 38 ni za breki yenyewe. Kwa mwendo wa kilometa 48, mita 23 zatosha. Tazameni: mwendo haukufika mara mbili, bali mahali pa kusimamia pamezidi mara mbili. Lori lenye shehena, au lami yenye maji, huhitaji zaidi ya hapo.

Basi, dereva aliyeiona dalili sekunde moja mapema, penye mwendo wa kilometa 80, amejipatia mita 22. Mara nyingi hizo ndizo mita zilizoko kati ya hofu na mazishi. Na kijana atazamaye simu yake kwa sekunde mbili amekwenda mita 44, karibu nusu ya uwanja wa mpira, kama kipofu.

Kwa sababu hii Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilometa 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo penye makazi ya watu, na kilometa 80 kwa mabasi na malori makubwa. Sheria hiyo haikutungwa ili kuwaonea madereva. Imepimwa kwa jicho la mtu na mguu wa mtu, ambavyo havikuongezeka kasi tangu siku za misafara.

6. NAMNA YA KUFUNDISHA

Habari njema ni kwamba kutazama hufundishika, wala si lazima kusubiri miaka kumi. Chuo kile cha Massachusetts kiliwafundisha vijana kwa muda usiofika saa moja. Waliwaonyesha picha za barabara zilizochorwa kama zionwavyo na ndege aliye juu, wakawaambia waweke alama mahali ambapo mtu angeweza kufichwa, na mahali ambapo dereva angepaswa kutazama. Vijana waliofundishwa hivyo, walipojaribiwa baadaye, walitazama penye hatari mara nyingi zaidi kuliko wasiofundishwa.

Somo hilo halihitaji mashine. Mwalimu na achore barabara juu ya mchanga kwa kijiti. Jiwe na liwe basi, jani liwe mwembe, kokoto ziwe ng'ombe. Kisha awaulize vijana: "Wewe uko hapa na pikipiki yako. Nani asiyeonekana? Atatokea wapi? Utatazama wapi kwanza?" Asiwape jibu upesi. Awaache wabishane.

Njia ya pili ni kusema kwa sauti. Polisi wa Uingereza wamewafundisha madereva wao namna hii tangu zamani: mwanafunzi huendesha huku akitaja kila akionacho na kila akitazamiacho. "Naona basi, natazama miguu chini yake. Naona mbuzi, namtafuta mchungaji." Mwalimu akisikia kimya, anajua jicho la kijana limelala. Hata yule ambaye hajaanza kuendesha aweza kufanya zoezi hili akiwa abiria, au utingo karibu na dereva mzee. Wenye malori wangefanya vema kuwaagiza madereva wao wazoefu wawasemeshe vijana hivyo safarini, badala ya kuwaachia kazi ya kupakia mizigo tu.

Huko Uingereza, tangu mwezi wa Novemba mwaka 2002, hapana mtu apewaye leseni mpya pasipo kufaulu mtihani wa kutambua hatari. Huonyeshwa picha za sinema za barabara, naye hubonyeza kitufe mara aionapo hatari ikianza. Awahiye hupata alama nyingi, achelewaye hakosi kupoteza. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa ajali za aina fulani za madereva wapya zilipungua yapata sehemu moja katika kumi katika mwaka wao wa kwanza. Si muujiza, lakini ni watu waliorudi nyumbani kwao.

Hapa twaweka onyo moja. Si kila mafundisho yaleta usalama. Nchini Norway, katika miaka ya 1980, vijana walifundishwa ufundi wa kulitawala gari penye utelezi. Walitazamiwa kupata ajali chache zaidi, lakini vijana wanaume walizidi kupata ajali penye utelezi, kwa kuwa walijiona mafundi wakaongeza mwendo. Mkono uliofundishwa pasipo jicho huzaa kiburi. Kwa hiyo kijana asifundishwe namna ya kuponyoka katika hatari kabla hajafundishwa namna ya kuitambua na kukaa mbali nayo. Na akiisha kuitambua, alama ya kuwa ameelewa ni moja tu: mguu wake umeondoka kwenye mafuta.

7. KAZI YA WAKUBWA WA VIJIJI NA WANANCHI

Dereva hawezi kuona kilichofichwa na vichaka. Viongozi wa vijiji waweza kuwaita watu siku moja kufyeka majani marefu penye njia panda na mbele ya shule, hasa baada ya mvua za masika. Wenye vibanda wasivisogeze mpaka ukingoni mwa lami, kwa maana kila kibanda ni kizuizi cha jicho. Utingo akiisha kulitengeneza lori lake, ayaondoe matawi. Matawi yaachwayo njiani siku tatu huwafundisha madereva kuyadharau, na siku ya onyo la kweli hakuna atakayejali.

Wazazi nao wawafundishe watoto ya kuwa kumwona dereva si kuonwa naye. Mtoto husema, "Mimi nimeiona motakaa," naye hudhani imekwisha. Afundishwe kusimama mahali palipo wazi, asivuke nyuma wala mbele ya basi lililosimama, na angoje mpaka ajue gari limesimama au limepita. Wachungaji wavushe mifugo mahali panapoonekana kwa mbali, wala si kwenye kona.

Na wazee, kijana ajapo kuomba baraka kabla ya kwenda kuchukua leseni yake, msimwambie tu, "Nenda polepole." Polepole ni neno jema, lakini halimwambii atazame wapi. Mwulizeni habari za mbuzi mmoja, za vumbi, na za kivuli kinachotangulia. Akijibu, mpeni baraka. Akinyamaza, mketisheni kwanza.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini mzee mwenye macho hafifu aweza kuiona hatari kabla ya kijana mwenye macho makali?

2. Pikipiki yaenda kilometa 50 kwa saa, yaani mita 14 katika sekunde moja. Dereva akigeuka kwa sekunde tatu kuzungumza na abiria wake, amekwenda mita ngapi bila kutazama?

3. Wewe watoka Tabora kwenda Urambo asubuhi, na kivuli cha gari lako ki mbele yako. Nani aliye katika hatari ya kutokuona vema, na wewe utafanya nini?

4. Chora njia ya kutoka shuleni kwenu mpaka barabara kuu. Weka alama mahali patatu ambapo mtoto angeweza kufichwa asionwe na dereva. Kisha umwonyeshe mkuu wa kijiji chako, mshauriane ni kipi kiwezacho kuondolewa juma hili.